Sentensi Niliyomfutia Mama Gidamis

Ni mimi niliyeifuta. Kwa miaka mingi, kila nilipoulizwa, nilijibu kwamba mtandao uliikata njiani. Nilimjibu hivyo daktari wa zamu, nikamjibu hivyo katibu wa hospitali aliyekuja na daftari lake, nikamjibu hivyo hata mume wangu, ambaye wala hakuwa ameniuliza. Mtandao wa siku zile ulikuwa na makosa mengi, lakini hili halikuwa lake. Niliweka kidole kwenye kitufe cha kufutia nikakibonyeza, herufi baada ya herufi, kutoka mwisho kurudi mwanzo, mpaka maneno ya mgonjwa yakaisha na nafasi ikabaki nyeupe. Na nikafurahi kuiona nyeupe.

Nawaandikia nyie wauguzi na matabibu mnaoanza kazi sasa huko Mbulu na Hanang, mnaomwonyesha mgonjwa kwa daktari bingwa wa mbali kwa simu ya kiganjani, mkamaliza, mkaenda kunywa chai. Nimestaafu kwa hiari, ingawa hiari hiyo ilisaidiwa sana na magoti. Watu walinitabiria kwamba nikistaafu nitatulia. Sijatulia. Tangu nianze ukurasa huu nimeinuka mara tatu: kuangalia sufuria ambayo haipo jikoni, kuangalia mlango ambao haukugongwa, na kuangalia simu. Kazi hii inakuachia ugonjwa wa kusubiri jibu, na sijui bingwa wake yuko wapi.

Kabla ya kompyuta tulikuwa na redio ya upepo, ile ya kuitana kituo kwa kituo. Ilikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya stoo ya dawa, ikiwa na betri ya gari chini ya meza, na mwenye nayo alikuwa Mzee Bura. Nasema mwenye nayo kwa sababu hakuna aliyethubutu kuigusa asipokuwepo. Mzee Bura hakuwa mganga wala muuguzi. Aliajiriwa kama mlinzi, akajifunza redio kwa kuisikiliza, na mimi nilipofika na digrii yangu ya uuguzi, ambayo niliitundika ukutani kwa misumari minne kana kwamba ingetoroka, yeye ndiye aliyenifundisha kazi.

Redio ilikuwa na saa zake, asubuhi na alasiri, na kila kituo kilisikia mambo ya kila kituo. Hilo sikulielewa mapema. Wiki yangu ya kwanza alikuja mzee mmoja wa Masieda mwenye bawasiri, mzee wa kanisa, mwenye aibu zake. Nikaingia kwenye redio nikaeleza kila kitu kwa sauti ya darasani: wapi, ukubwa gani, anakaaje, anajisaidiaje. Nikasema "ova" kwa madaha. Jumapili iliyofuata mzee alipoingia kanisani, mtu mmoja akamsogezea mto. Hakunitukana. Alikuja hospitali, akasimama mlangoni, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasema, "Binti, siku nyingine ukiwa na habari zangu, uzipeleke kwa miguu." Kisha akaondoka, na ilinichukua mwezi mzima kumfuata kwake kuomba radhi. Dawa yake nilikuwa nayo mkononi siku zote hizo.

Baadaye nyakati zikageuka. Tulizoea simu moja ya posta iliyofungwa kwa kufuli. Sasa soko likafunguliwa, kampuni za simu zikaanza kushindana kusimika minara vilimani kama watu wanaogombea shamba, na wachungaji wakaanza kutembea na vocha kwenye mkunjo wa shuka. Tukakatwa kutoka Arusha tukawa mkoa wa Manyara, na mkoa mpya ulikuja na barua nyingi mpya zenye mihuri mipya. Katikati ya barua hizo ulikuwemo mradi: dishi moja kubwa la kunasa mtandao, kompyuta mbili, kamera ndogo ya kidijitali, na daktari bingwa wa upasuaji katika hospitali kubwa ya mbali, ambaye angejibu maswali yetu kwa baruapepe. Sitamtaja jina. Sisi tulimwita Bingwa.

Nikapewa mimi kazi ya kuandika kwa Bingwa, kwa sababu ya ile misumari minne.

Niwape mambo machache ambayo hamtayakuta kwenye vitabu vyenu. Filamu ya eksirei tuliipiga picha kwa kuibandika kwenye kioo cha dirisha jua likiwa upande ule. Ya kwanza niliyoituma, Bingwa alijibu kwa wasiwasi mkubwa: huyu mgonjwa ameangukiwa na nini, mbona mbavu zimekatika mistari minne iliyonyooka? Ilikuwa ni nondo za dirisha. Tangu hapo tukaning'iniza shuka jeupe nyuma ya kioo, na shuka hilo liwe jeupe kweli, si lile la wodi lenye alama ya kikombe cha chai. Uvimbe upige picha ukiwa na rula pembeni. Usimwambie tu bingwa wa mjini kwamba uvimbe una ukubwa wa limau. Limau la kwake si la kwako. Mtandao ukipotea, kabla ya kumpigia fundi wa Arusha, nenda nje ukatazame mbuzi. Nusu ya hitilafu zetu ilikuwa mbuzi anayejikuna mgongo kwenye mguu wa dishi.

Lakini shida yangu hasa ilikuwa fomu. Ilikuwa ya Kiingereza, na sehemu ya malalamiko ya mgonjwa ilikuwa na mistari mitatu. Mitatu tu. Mtu anatembea kutoka bondeni siku nzima na ugonjwa wa miaka sita, wewe umpe mistari mitatu, tena ya lugha ambayo hakuugulia. Mzee Bura, ambaye sasa alikuwa amehamia kwenye dishi kama alivyokuwa kwenye redio, aliniambia siku moja akiwa anafuta vumbi kwenye waya:

"Sista Paskalina, andika anachosema yeye. Halafu chini andika unachofikiri wewe. Usivipike sufuria moja."

"Mzee Bura, nafasi haitoshi."

"Basi punguza unachofikiri."

Nilicheka. Nilifikiri ni utani wa mzee.

Mama Gidamis alifika na mwanawe Gidamis wakitokea tambarare, upande wa kusini wa mlima Hanang. Walikuwa wafugaji, Wadatoga. Mimi ni mtoto wa wakulima wa Bashay, na kwa hiyo tulikutana katika Kiswahili, ambacho hakuna kati yetu aliyezaliwa nacho. Gidamis alikuwa mtu mzima wa rika langu. Mama yake alikuwa mrefu, amekonda, mwenye bangili za shaba mpaka kiwikoni, na upande wa kulia chini ya mbavu tumbo lake lilitoka kama mtu aliyeficha kibuyu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye daktari?"

"Mimi ni muuguzi. Daktari yupo, na mwingine yupo mbali, tutamwandikia. Unaumwa nini?"

"Siumwi sana. Ninao mfuko."

"Mfuko gani?"

"Mfuko wa kondoo." Akachukua mkono wangu akauweka pale palipotoka. "Ule wa maji, unaokaa kwenye maini. Nimechinja kondoo tangu nikiwa msichana. Naujua. Sasa nami ninao."

Gidamis akatazama dirishani kwa aibu. "Sista, msamehe. Amekuwa akisema hivyo miaka miwili."

"Mimi si mwongo," mama yake akasema. "Wewe ndiye hutaki kushika. Sista, shika. Bonyeza. Si unarudi?"

Nilibonyeza. Ulirudi. Nikasema "ndiyo mama" kwa ile sauti tunayowasemesha watu ambao tumeshaacha kuwasikiliza. Ultrasaundi yetu ndogo ikaonyesha kitu cheusi cha mviringo ndani ya ini. Kipimajoto kikaonyesha joto kidogo, la mtu aliyetembea juani, na mimi nikalikumbatia joto lile kwa furaha kwa sababu lilikuwa linaeleweka.

Nikakaa kwenye kompyuta. Kwanza niliandika kama alivyosema: mgonjwa anasema ana mfuko wa maji kwenye ini, kama ule anaouona kwa kondoo anapochinja. Nikaisoma. Nikamwona Bingwa kwenye kiti chake, na wanafunzi wake wamemzunguka, wote wakicheka: tazameni Manyara wanatuandikia habari za kondoo. Nilijiona mimi mwenyewe katikati ya kicheko kile, na digrii yangu. Hapo ndipo kidole kilipokwenda kwenye kitufe. Badala yake nikaandika kwa Kiingereza safi kabisa: uvimbe, upande wa kulia juu ya tumbo, pamoja na homa. Mistari mitatu ikatosha, ikabaki na nafasi. Nikaambatisha picha, nikatuma.

Siku mbili zilizofuata nilikwenda kuchungulia jibu mara nyingi hadi Mzee Bura akahamishia kiti chake mlangoni kunizuia. "Sista," akasema, "hata kuku anayeatamia humchungulii hivi. Nenda wodini."

Jibu lilikuja Jumanne. Lilikuwa safi kama swali lilivyokuwa safi. Inaelekea ni jipu la ini. Mwanzishieni dawa, mvuteni usaha kwa sindano mkitumia ultrasaundi, nijulisheni. Daktari Tluway, kijana aliyekuwa anaongoza wodi, alilisoma akasugua mikono. "Alhamisi saa tatu asubuhi," akasema. Mimi nililisoma kwa sauti mbele ya wauguzi wenzangu, kisha nikaenda kumtafsiria Mama Gidamis.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Umemwambia nilichokuambia?"

"Nimemwambia yote, mama."

"Na mfuko pia?"

"Na mfuko pia."

"Na bado anataka kuutoboa?"

"Anataka kuvuta uchafu tu, kwa sindano."

"Basi hajui," akasema, akageukia ukuta.

Jumatano asubuhi kitanda chake kilikuwa kitupu, shuka limekunjwa vizuri kuliko tulivyolikunja sisi. Daktari Tluway alinikuta nimesimama pale. "Mfuate," akasema. "Jipu hilo likipasukia tumboni atakufa, na Bingwa tumeshamwambia ni kesho. Mfuate, sista, wewe ndiye unayeelewana naye."

Ilikuwa siku ya mnada, na dereva wa gari la hospitali alisema kama ni mtu wa tambarare hakuna haja ya kwenda kwake, twende mnadani. Njia nzima nilimsukuma kwa maneno. Nilimwambia aongeze mwendo, kisha nikamwambia apunguze tusije tukampita. Tulipofika Masakta akasimamisha gari. "Sista, chagua moja. Uendeshe wewe au uniache." Nikaanza kung'ata ukosi wa gauni.

Tulimkuta. Alikuwa amekaa kivulini pembeni mwa zizi la mnada, miguu ameinyoosha, bangili zinameta, na Gidamis amesimama karibu yake na fimbo. Vumbi la ng'ombe lilikuwa limetanda kila mahali. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogezea nafasi nikae. Sikukaa. Nilizungumza nikiwa nimesimama, na nilizungumza vizuri, Mungu anisamehe. Nilisema habari za jipu kupasuka. Nilisema habari za wajukuu. Nikasema Bingwa ni mtu aliyesoma kupita madaktari wote wa mkoa wetu, na yote aliyohitaji kujua anayajua.

"Mama, twende," Gidamis akasema. "Ama nikufunge kamba kama dume?"

"Wewe ulifungwa na nani ulipokuwa unanyonya? Nyamaza." Kisha akanitazama mimi, akapumua. "Mtoto wa watu umekuja na jua lote hili. Haya. Nitakwenda. Kesho mtanitoboa."

Nilitaka kurukaruka. Nilikuwa nimemshinda. Nyie mtakaoifanya kazi hii mtaijua raha hiyo, ya mgonjwa mbishi anapokubali, na naomba siku hiyo mjihoji, kwa sababu sikuwahi kuisikia raha kubwa kama pale, na sikuwahi kuwa na makosa kama pale.

"Lakini kwanza njoo," akasema. "Kabla sijafa uone."

Akainuka kwa kushika fimbo ya mwanawe, akatangulia. Alinipeleka nyuma ya mabanda ya nyama, kwenye sakafu ya saruji wanapochinjia. Mchinjaji alikuwa akifanya kazi na kisu kifupi, mbele yake kondoo wanne wananing'inia. Akaniona na gauni langu jeupe.

"Karibu sista! Nikukatie mbavu?"

"Hataki mbavu," Mama Gidamis akasema. "Mwonyeshe ile mnayotupa."

Mchinjaji akacheka, akaelekeza kisu kwenye ndoo. Ndani yalikuwamo maini mawili. Katika moja kulikuwa na kitu kilichotuna, cheupe, chenye ngozi laini kama ute wa yai lililochemshwa, kimejaa, kinang'aa, ukubwa wa ngumi. Mbwa watatu walikuwa wamekaa hatua chache wakisubiri, kimya, kwa adabu, kama watu wanaojua zamu yao.

Nikachuchumaa. Nikakigusa kwa kidole. Kikabonyea. Kikarudi.

Mikono yangu ilijua kabla yangu. Ilikuwa imeshika kitu kilekile siku tatu kabla, chini ya ngozi ya mtu.

"Kitoboe nione," nikamwambia mchinjaji.

Akarudisha kisu nyuma. "Hapana sista. Hiki hakitobolewi. Kinaruka mpaka machoni. Tunakikata na ini lake lote."

Mkaguzi wa nyama alikuwa pale na mhuri wake wa wino wa zambarau, kijana mwembamba aliyevaa viatu vya mpira, mwenye cheti cha miaka miwili. Nikamuuliza ile ni nini. Akanitazama kama anapimwa.

"Ni mifuko ya minyoo ya mbwa. Mbwa anakula haya, anatoa mayai kwenye kinyesi, kondoo anakula kwenye majani, inaota kwenye maini. Hata kwenye mapafu."

"Na mtu?"

"Mtu naye akipata mayai kwenye mkono, kwenye maji. Walitufundisha hivyo." Akasita. "Nyie hamkufundishwa?"

Nilifundishwa. Ukurasa mmoja, kabla ya mtihani, na nilifaulu mtihani ule vizuri sana.

"Ikipasuka ndani ya mtu je?"

"Yale maji ni sumu kwa mwili, dada. Mtu anaweza kuanguka palepale. Na asipoanguka, kila tone linaweza kuota mfuko mwingine." Akapiga mhuri kwenye paja la kondoo. "Kwa nini unauliza? Mna mgonjwa?"

"Tunaye. Kesho saa tatu tunamchoma sindano."

Alishusha mhuri. Akamtazama Mama Gidamis, ambaye alikuwa amesimama na mkono wake upande wa kulia, akimwangalia mbwa mmoja. Kisha akanigeukia mimi. "Dada," akasema taratibu, "hata mimi, ambaye mteja wangu ameshakufa, siitoboi."

Namba ya Bingwa nilikuwa nayo. Ilikuwa imeandikwa juu ya fomu, kwa dharura, na katika muda wote wa mradi sikuwahi kuipiga, kwa sababu dharura kubwa niliyoijua ilikuwa kuongea naye. Mawimbi ya simu pale mnadani yalipatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu kimoja nyuma ya zizi, na juu yake alikuwa amesimama mfanyabiashara wa ng'ombe akimgombeza mtu kuhusu lori lililoharibika. Nyuma yake palikuwa na foleni. Nikamvuta koti.

"Kaka, nishukie. Nina mgonjwa."

"Hata mimi nina lori mgonjwa."

"Shuka wewe," Mama Gidamis akasema kutoka chini. "Mgonjwa ni mimi."

Akashuka. Foleni yote ikasogea, haikuondoka. Walikaa palepale wasikilize.

Mara ya kwanza simu iliita ikakatika. Mara ya pili akapokea muuguzi: Bingwa yuko chumba cha upasuaji, piga baada ya saa nzima. Saa nzima! Niliteremka, nikazunguka kichuguu. Nikapanda kuangalia kama mawimbi bado yapo. Nikateremka. Nikamfikiria Daktari Tluway akichemsha vyombo vya kesho. Niliwaza nimtume dereva akamwambie aache, lakini ningemwambia aache kwa neno la nani? La mchinjaji? La mhuri wa zambarau? Nikazunguka tena.

"Sista," Gidamis akasema, "utachimba mtaro."

Alipopokea mwenyewe, nilimwamkia vibaya, nikajitambulisha mara mbili, nikasema yote kwa pumzi moja: mgonjwa wa jipu la ini, mfugaji, mfuko wa maji, kondoo, alisema mwenyewe tangu siku ya kwanza.

Bingwa akauliza, "Alisema tangu siku ya kwanza?"

"Ndiyo, daktari."

"Mbona kwenye fomu haimo?"

Foleni nzima ilinitazama. Mama Gidamis alinitazama. "Ni mtandao, daktari. Ulikata."

"Ulikata maneno ya mgonjwa, ukaacha ya kwako yote."

"Ndiyo, daktari."

"Mtandao wenu unajua kuchagua," akasema, bila hasira, na hilo liliniuma kuliko hasira. "Huyo mama yuko wapi?"

"Yuko hapa chini ya kichuguu."

"Mpandishe. Mpe simu."

Gidamis na mchinjaji walimshika mikono akapanda. Aliishika simu mbali na sikio kama kitu cha moto, kisha akaisogeza, na sauti ya Bingwa ilikuwa kubwa kiasi kwamba sote tuliisikia.

"Wewe ni mkubwa au mdogo?" Mama Gidamis akauliza. "Sikuoni."

"Nina miaka hamsini na kitu, mama."

"Una wajukuu?"

"Bado."

"Basi niamkie."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umewahi kuchinja kondoo?"

"Sijawahi. Kwetu tunakula samaki. Lakini nimepasua watu wengi."

"Ndani ni kulekule. Sikiliza basi." Na akamweleza. Alimweleza mfuko ulikuwa mdogo kiasi gani alipouhisi mara ya kwanza, na mvua ngapi zimepita tangu hapo. Alisema hauumi, unasukuma. Akamweleza rangi yake kwa kondoo, ngozi yake, maji yake yanayong'aa, na vile vidogo ndani yake, kama watoto tumboni mwa mama yao. Akasema kuhusu mbwa wake nyumbani, wanne, wanaolala mlangoni. Alizungumza muda mrefu, kwa Kiswahili chake kilichokatikakatika, na mistari mitatu isingemtosha hata kwa salamu. Bingwa hakumkata hata mara moja. Alisema tu "ndiyo" na "endelea, mama."

Alipomaliza, Bingwa akasema, "Mama, nimekuelewa. Hiyo sindano hatutakuchoma. Daktari wa huko nitampigia mwenyewe sasa hivi. Utakunywa dawa za minyoo kwanza, utakuja kwangu, nitakupasua niutoe wenyewe."

"Utautoboa?"

"Nitajitahidi utoke mzima."

Mama Gidamis akafikiri.

"Mchinjaji anayejua kazi," akasema, "anatoa nyongo bila kuipasua. Ikipasuka, nyama yote inaharibika. Wewe utautoa hivyo?"

"Hivyo hivyo, mama. Polepole."

"Hutakuwa na haraka?"

"Sitakuwa na haraka."

Akaitoa simu sikioni, akanirudishia mimi bila kunitazama, akamgeukia mwanawe.

"Gidamis," akasema, "nakwenda. Nani atabaki kukamua?"